Kutoka Luano hadi Guangzhou: namna ya kupima umbali wa viwanja viwili vya ndege na kujua saa kamili za safari

Mfanyabiashara wa Lubumbashi anayetaka kujua Guangzhou iko mbali kiasi gani hupata majibu matatu yasiyofanana. Ramani ya mtandaoni inampa kilomita fulani, ajensi ya tiketi inampa saa fulani, na aliyerudi juzi anamwambia "ni siku nzima". Hakuna aliyedanganya, ila kila mmoja amepima kitu chake: wa kwanza mstari juu ya dunia, wa pili muda wa ndege, wa tatu muda wa mtu kutoka mlango wa nyumba hadi mlango wa hoteli. Kupata kilomita ni kazi ya dakika tano. Saa ndizo zinazosumbua, na huko ndiko tutakakokaa zaidi.

Anza na herufi tatu, si jina la mji

Karibu kila kiwanja cha abiria kina msimbo wa herufi tatu. Luano ya Lubumbashi ni FBM, Bole ya Addis Ababa ni ADD, Baiyun ya Guangzhou ni CAN. Usipime "Kinshasa", pima FIH, kwa maana Kinshasa ina N'djili (FIH) na pia Ndolo (NLO). Istanbul ina IST na SAW, Johannesburg ina JNB na Lanseria (HLA), na London ina viwanja kadhaa. Tofauti ya kilomita angani kati ya viwanja viwili vya mji mmoja ni ndogo. Tabu huja pale tiketi moja inapokufikisha IST na ya pili inaondokea SAW, upande mwingine wa Bosphorus.

Vipimo vya mahali

Unahitaji namba mbili kwa kila kiwanja: latitudo (kaskazini au kusini mwa ikweta) na longitudo (mashariki au magharibi mwa Greenwich). Hizi hapa, kwa digrii za desimali:

FBM: −11.591 na 27.531
FIH: −4.386 na 15.445
ADD: 8.978 na 38.799
CAN: 23.392 na 113.299

Kusini ni kasoro (alama ya −), na magharibi pia ni kasoro. Ukizipata kwa digrii, dakika na sekunde, kama 11°35′29″, gawanya dakika kwa 60 na sekunde kwa 3,600, kisha jumlisha: 11 + 0.583 + 0.008 = 11.591. Wengi huandika 11.35 kwa haraka, na hapo tayari wameihamisha Luano kilomita karibu 27.

Alama ya kasoro ina hila zaidi. Ukiisahau kwa Lubumbashi na Kinshasa zote mbili, jibu linatoka sahihi, kwa kuwa umeihamisha miji yote miwili upande wa pili wa ikweta na nafasi kati yao haijabadilika. Unajiona fundi. Kisha unapima Lubumbashi na Addis kwa mtindo huohuo, unapata kilomita 1,266 badala ya 2,604, kwa sababu Addis iko kaskazini kweli na umeipeleka Luano ikawe jirani yake. Jibu likionekana tamu mno, angalia kasoro kwanza.

Hesabu yenyewe

Dunia ni mviringo, kwa hiyo njia fupi kati ya sehemu mbili ni kipande cha duara kuu, si mstari wa rula. Kanuni inatumia sini na kosini za shule ya sekondari:

kosini ya pembe = (sini ya latitudo ya kwanza × sini ya latitudo ya pili) + (kosini ya latitudo ya kwanza × kosini ya latitudo ya pili × kosini ya tofauti ya longitudo)

Tufanye Luano na Bole kwa kikokotoo cha simu. Kilaze ubavu ili vitufe vya sini na kosini vitokee, kisha hakikisha kiko kwenye DEG (digrii), si RAD (radiani). Kipime hivi: sini ya 30 lazima itoe 0.5. Ikitoa −0.988, kiko kwenye RAD, na kila utakachopata baada ya hapo ni takataka.

Sini ya −11.591 ni −0.2009, sini ya 8.978 ni 0.1561. Zao lake ni −0.0314.
Kosini zake ni 0.9796 na 0.9878. Tofauti ya longitudo ni 38.799 − 27.531 = 11.268, na kosini yake ni 0.9807. Zao la zote tatu ni 0.9490.
Jumlisha: 0.9176. Bonyeza kosini ya kinyume, yaani cos⁻¹, upate digrii 23.42.

Digrii moja ya duara kuu ni kilomita 111.2. Zidisha: 2,604. Huo ndio umbali wa Lubumbashi na Addis Ababa. Usikate desimali mapema. Hapa tumeandika nne ili zisomeke, lakini acha kikokotoo kibebe zote, hasa viwanja vikiwa karibu, kwa sababu kosini ya pembe ndogo inakaribia 1 na kosa dogo hukua.

Mwenye kompyuta aweke kanuni kwenye jedwali mara moja na asirudie tena. Latitudo zikiwa B2 na B3, longitudo C2 na C3:

=6371*ACOS(SIN(RADIANS(B2))*SIN(RADIANS(B3))+COS(RADIANS(B2))*COS(RADIANS(B3))*COS(RADIANS(C3-C2)))

Kompyuta nyingi za kwetu zimepangwa kwa Kifaransa, na hizo zinataka mkato badala ya nukta: andika 27,531. Ukiweka nukta, jedwali linaichukua namba kama neno na kukurudishia kosa.

Je, mtu anaweza kukwepa sini na kosini kwa kuchukua dunia kama meza bapa? Karibu na ikweta, ndiyo. Ukichukua tofauti za digrii za Lubumbashi na Addis, ukazifanyia Pithagora na kuzidisha kwa 111.2, unapata 2,608, kosa la kilomita nne tu. Fanya hivyohivyo kwa Addis na Guangzhou, unapata 8,438 wakati umbali halisi ni 8,038. Kilomita mia nne zimetoka hewani, kama nusu saa ya ndege. Sababu ni kwamba mistari ya longitudo hukaribiana kadiri unavyoiacha ikweta. Kwenye ikweta digrii moja ya longitudo ni kilomita 111, ukifika Brussels imebaki 70.

Kanuni ya duara nayo si kamilifu, maana dunia imebonyea kidogo kwenye ncha: nusu kipenyo chake ni kilomita 6,378 ikwetani na 6,357 kwenye ncha. Kosa lake halizidi nusu ya asilimia moja. Kwa kilomita 8,000 ni dakika zisizofika tatu. Achana nalo.

Kuchagua mahali pa kubadilisha ndege

Hapa kilomita zinaanza kukulipa. Lubumbashi hadi Guangzhou moja kwa moja ingekuwa kilomita 10,093. Kupitia Addis ni 2,604 + 8,038 = 10,642, yaani ziada ya kilomita 549 tu: Addis iko karibu juu ya njia yenyewe. Kupitia Johannesburg ni 1,619 + 10,670 = 12,289. Unashuka kusini kwanza, halafu unalipa kurudi kaskazini. Ziada ni karibu kilomita 2,200, saa mbili na nusu za ndege. Tiketi ya kupitia kusini ikiwa rahisi kwa bei, angalau ujue unachouza ni muda wako.

Kutoka kilomita hadi saa za ndege

Mwendo unategemea aina ya ndege, na aina hiyo imeandikwa kwenye tiketi au unaweza kuiuliza ajensi. Boeing 737 na Airbus A320 husafiri kwa kama kilomita 830 kwa saa. Boeing 787 na Airbus A350 hufika 900. Ndege za panga boi ni polepole: Dash 8-400 inazidi kidogo 600, ATR 72 iko kama 500, na Cessna Caravan ya misheni na migodi haifiki 350. Rubani akitangaza noti, yaani maili za baharini kwa saa, zidisha kwa 1.852: noti 450 ni kilomita 833 kwa saa.

Ndege haifuati duara kuu kikamilifu. Inafuata njia za anga, inazunguka dhoruba, inakwepa nchi zilizofungwa. Tangu vita vilipoanza Sudan mwezi wa Aprili 2023, ndege nyingi za abiria zimekuwa zikiizunguka anga ya nchi hiyo. Kwa hiyo ongeza asilimia 3 kwa safari ya ndani ya Kongo na asilimia 5 kwa safari ya nje. Kisha ongeza dakika 30 za kutambaa uwanjani, kupanda na kushuka, kwa kuwa muda huo ndege haiko kwenye mwendo wake. Safari ndefu ya kwenda kiwanja kikubwa, weka 40.

Lubumbashi–Kinshasa: 1,553 × 1.03 = 1,600. Gawa kwa 830 upate saa 1 na dakika 56. Jumlisha 30: saa 2 na dakika 26.
Lubumbashi–Addis: 2,604 × 1.05 = 2,734. Gawa kwa 830, jumlisha 30: saa 3 na dakika 48.
Addis–Guangzhou: 8,038 × 1.05 = 8,440. Gawa kwa 900, jumlisha 40: saa 10 na dakika 3.

Kurudi kutoka Guangzhou kutachukua muda zaidi, na si kwa sababu ya valizi zilizojaa. Juu ya Asia, kimo cha kilomita kumi hivi, kuna mikondo ya upepo mkali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, yenye nguvu zaidi wakati wa baridi ya kaskazini. Wastani wa upepo wa kilomita 60 kwa saa njia nzima ungeifanya ndege ya 900 iende kwa 960 ukielekea China na 840 ukirudi. Kwa kilomita 8,440, hiyo ni saa 8 na dakika 47 dhidi ya saa 10 na dakika 3 angani. Lubumbashi–Kinshasa upepo huu hauna uzito huo, tuko karibu mno na ikweta.

Eskali, yaani kutua njiani: kilomita chache, saa nyingi

Ndege ya Kinshasa inayotua Mbuji-Mayi ni mfano mzuri wa jinsi umbali unavyodanganya. Lubumbashi–Mbuji-Mayi ni kilomita 748, Mbuji-Mayi–Kinshasa ni 920. Jumla 1,668, ziada ya kilomita 115 tu kuliko kwenda moja kwa moja. Mtu anasema, "Aa, si kitu, iko njiani." Sasa piga saa: kipande cha kwanza ni saa 1 na dakika 26, cha pili saa 1 na dakika 39, na chini dakika 45 mambo yakienda vizuri. Jumla saa 3 na dakika 50, dhidi ya 2 na 26. Karibu saa moja na nusu imekwenda, na kilomita zenyewe zimekula dakika nane tu. Kilichobaki ni kushuka, kungoja na kupanda tena.

Kwa hiyo ukinunua tiketi uliza maneno mawili tofauti: "moja kwa moja" na "bila kutua". Ndege inaweza kukupeleka moja kwa moja, bila kubadilisha kiti wala namba ya safari, na bado ikatua njiani.

Kimo cha kiwanja nacho kina neno lake. Luano iko mita karibu 1,300 juu ya bahari, Bole ya Addis imepita 2,300. Hewa ya juu ni nyepesi, mabawa hayapati nguvu ileile na injini pia, hasa mchana wa joto. Ndege nzito hulazimika kupunguza mizigo au mafuta. Ndiyo maana imezoeleka safari ya Addis kwenda Washington itue njiani kuongeza mafuta, na ile ya kurudi ije bila kutua.

Saa za ukutani

Kongo ina saa mbili. Lubumbashi, pamoja na Haut-Katanga yote, Kivu na Kasai, iko mbele ya saa ya dunia (UTC) kwa 2. Kinshasa iko mbele kwa 1. Tiketi huandika saa ya mahali pa kuondoka na saa ya mahali pa kufika, kila moja kwa saa yake.

Ukiondoka Luano 10:00, baada ya saa 2 na dakika 26 unashuka N'djili 11:26 ya kule. Kwenye karatasi inaonekana umeruka saa moja na dakika 26. Ukirudi, unaondoka 14:00 na kufika Luano 17:26, karatasi inasema saa tatu na dakika 26. Watu hugombana na ajensi kwa hili. Ndege ni ileile, muda ni uleule.

Namna isiyokosea ni kugeuza saa zote kuwa UTC kwanza, kutoa, halafu kurudisha. Lubumbashi toa 2, Addis toa 3, Guangzhou toa 8 (China nzima hutumia saa moja). Johannesburg ni sawa na Lubumbashi. Brussels ni mtego: kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa yake inalingana na yetu, miezi mingine iko nyuma kwa saa moja. Kongo haibadilishi saa, wao ndio wanaobadilisha. Ndege ileile basi inaweza kuonekana inafika saa moja kabla au baada ya ile uliyoizoea.

Tena, tiketi inahesabu kwa 24. Ukimwagiza mtu kwa simu aje kukupokea, mwambie namba iliyoandikwa, "14:00", kuliko kusema saa nane halafu yeye akahesabu kwa Kifaransa na kuja asubuhi. Na angalia alama +1 kando ya saa ya kufika: maana yake ni kesho yake.

Mlango hadi mlango

Tuchukue safari ya mfano (saa hizi ni za kujifunzia, ratiba yako itakuwa na zake). Ndege inaondoka Luano 14:00. Inafika Addis baada ya saa 3 na dakika 50, yaani 18:50 ya kule. Ya pili inaondoka 23:00 na kuruka saa 10, hivyo inafika Guangzhou 14:00 ya kesho yake.

Kwa safari ya nje uwe Luano saa tatu kabla. Uwanja uko kaskazini-mashariki mwa mji, si mbali, ila magari ya jioni na mvua za Desemba havijali umbali. Weka saa nzima ya njia. Ndani utapita kwenye mizigo, DGM (uhamiaji), na ukaguzi wa kadi ya homa ya manjano. Chanjo hiyo huhesabiwa kuanzia siku ya kumi baada ya sindano, kwa hiyo aliyechanjwa juzi bado hajachanjwa. Ulizia mapema kama Go-Pass, ada ya uwanja inayotozwa na RVA (shirika la viwanja vya ndege), imeingia ndani ya bei ya tiketi au inalipwa dirishani, usije ukagundua ukiwa kwenye foleni na pesa umeshazipeleka nyumbani.

Basi nyumbani unatoka 10:00. Guangzhou, pasi na mizigo vitachukua saa moja na nusu, njia ya mjini saa moja: unafika hoteli 16:30 ya kule, ambayo ni 10:30 ya Lubumbashi. Jumla saa 24 na nusu. Humo, ndege zimekula saa 13 na dakika 50. Karibu saa kumi na moja umezitumia ukiwa ardhini. "Siku nzima" ya yule aliyerudi juzi ilikuwa hesabu sahihi kuliko zote.

Panapovunjika

Kiungo dhaifu ni kubadilisha ndege. Ukiwa na tiketi moja yenye vipande viwili, ndege ya kwanza ikichelewa, kampuni ina wajibu wa kukutafutia nafasi nyingine. Ukiwa na tiketi mbili ulizonunua mbalimbali ili kuokoa dola, kwa kampuni ya pili wewe ni mtu aliyechelewa tu. Valizi zako pia zitaishia kiwanja cha kati, na huenda ukahitaji viza ya kutoka nje kuzichukua. Kwa tiketi mbili usiache chini ya saa sita, na kama ya pili ni ya mara moja kwa wiki, lala usiku mmoja.

Valizi ikipimwa Luano, soma karatasi inayofungwa mpinini kabla haijaondoka mbele yako. Herufi kubwa za mwisho ziwe CAN. Zikiwa ADD peke yake, simamisha hapohapo, useme.

Kuna pia wanaovuka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ili wapandie ndege Ndola, kwa kuwa bei ya tiketi ya Zambia wakati mwingine ni nafuu. Saa ni moja pande zote mbili, kwa hiyo hapo hakuna mtego. Kasumbalesa yenyewe iko kilomita kama 90 tu kutoka Lubumbashi. Lakini umbali huo usiugawe kwa mwendo wa gari: foleni ya malori ya shaba na ofisi za mpaka ndizo zinazoamua. Anayetaka kupanda ndege ya asubuhi Ndola avuke jana yake mchana, alale upande wa pili. Gharama ya chumba hicho iingie kwenye hesabu kabla ya kusema tiketi ya kule ni rahisi.